Hema Moja, Hija Mbalimbali

Mfunguo Tatu (mwezi wa hija), tarehe 7, 1446 (Juni 2025). Makka

Baada ya Isha sheikh wetu wa msafara ametukusanya kwenye ukumbi wa chini wa hoteli kutusomea ratiba. Kesho Mina. Alhamisi Arafa, usiku wake Muzdalifa, Ijumaa Idi na jamarati, zile nguzo zinazotupiwa vijiwe. Alipomaliza akaikunja karatasi, akasema sasa anatusomea jambo zito kuliko mabasi na chakula. Akasoma aya ya 197 ya Suratul Baqara, ile inayosema kwamba aliyeazimia hija katika miezi yake asiseme maneno machafu, asitende uovu, wala asibishane ndani ya hija.

“Mawili ya mwanzo nawaaminia,” akasema. “La tatu ndilo nalolihofia.”

Nimerudi chumbani nikiifikiria aya hiyo. Ubishi umewekwa ubavuni mwa uovu. Hapa tunakusanywa watu zaidi ya milioni moja na nusu katika mabonde machache, lugha hatusikilizani, jua la Juni liko utosini, na katika hali hiyohiyo ndipo tunaagizwa tusibishane. Kusukumwa hakukukatazwa, maana anayesukumwa hana hiari. Kilichokatazwa ni kile kinachotoka kwetu baada ya kusukumwa. Kwa hiyo tangu mwanzo hija ina sehemu inayofanyika kwa miguu na sehemu inayofanyika kifuani, na hii ya pili hakuna basi linaloweza kukupeleka.

Mama amelala. Goti lake nimelifunga bendeji ya mpira. Chini ya mto ameweka daftari lake la shule, lile la jedwali la kuzidisha nyuma, alimoandika majina ya wote waliomuagiza dua tangu alipoanza kuaga Tanga: majirani wa Ngamiani, akina mama wa darsa, kijana wa bodaboda anayempeleka kliniki, mwanamke Mkristo wa nyumba ya pili ambaye mwanawe anafanya mtihani mwaka huu. Kurasa kadhaa, mistari yote imejaa.

Tarehe 8. Mina

Tumeoga, tumenuia, tumeingia tena kwenye ihramu, ile hali ya hija yenye masharti yake, hapohapo hotelini, maana umra, ile hija ndogo, tuliimaliza wiki iliyopita. Sisi wanawake hatuna shuka mbili kama wanaume. Nguo zetu za stara zinatosha, ila uso na viganja havifunikwi na manukato hatupaki tena. Basini wanaume wanapaza talbiya, sisi tunaitikia chini kwa chini. *Labbayka Allahumma labbayk.* Nimeitika, ewe Mola, nimeitika.

Mina ni bonde la mahema meupe mpaka jicho lichoke. Moto wa 1997 uliua mamia ya mahujaji, na tangu hapo mahema ya turubai yameondolewa, yakaja haya yasiyoshika moto. Ndani kuna magodoro membamba yaliyogusana kama sabuni katika boksi, na kiyoyozi kinachopuliza upande mmoja tu. Aliye chini yake anatetemeka, aliye mbali anatoa jasho.

Godoro la kulia kwa mama amelipata mama mmoja mfanyabiashara wa Kariakoo, wa umri wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya kuzoea soko. Hajaweka mkoba chini ameshasema godoro ni jembamba. Kiyoyozi kinampiga kichwani. Chai haina tangawizi. Kiongozi wa wanawake akaitwa, akaja, akaondoka, akaitwa tena. Wengine hemani wakaanza kutazamana.

Ila mtihani wa Mina wenyewe ni foleni ya choo. Wote waliotangulia walinisimulia hili kabla ya kunisimulia Arafa. Vyoo ni vichache, kila mmoja anataka udhu kabla ya adhana, na ndani ya chumba hichohicho ndimo pa kuogea. Leo kabla ya Adhuhuri tulisimama mpaka mgongo ukauma. Mbele yetu wawili waliitana majina kwa sababu ya ndoo. Nyuma yetu binti mmoja alikuwa akitazama saa ya simu kila baada ya pumzi tatu. Mama akafungua mkoba wake, akatoa daftari, akaanza kusoma. Jina moja, dua yake. Jina la pili, dua yake. Mwenye mtoto mgonjwa anamwombea mtoto, mwenye kesi ya kiwanja anamwombea kiwanja. Zamu yetu ilipofika aliniambia, “Ngoja kidogo, nimefika kwa mtu wa duka la mkaa,” akampisha bibi mmoja aliyekuwa akisema Kifaransa.

Nilikuwa nikidhani mama ana subira ya kuzaliwa nayo, kama mtu anavyozaliwa na macho mazuri. Leo nimeona ni kazi anayoifanya. Hakujiambia foleni ni nzuri. Alijipa shughuli ambayo foleni haikuweza kumnyang’anya, na muda uliowalemea wenzake yeye ukamwishia kabla ya ukurasa. Saa zile zile, jua lile lile, ndoo ile ile.

Tarehe 9. Arafa

Hii ndiyo siku yenyewe. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema hija ni Arafa. Anayeikosa siku hii amekosa hija nzima.

Tumefika mapema. Amri ya mwaka huu ni kwamba kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni watu wakae ndani ya mahema, wasitembee juani. Hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Mwaka jana, 2024, joto ndani ya eneo la Msikiti Mtukufu lilipimwa likafika nyuzi 51.8, na mahujaji zaidi ya 1,300 walifariki katika siku za hija. Wengi wao walikuwa wamekuja bila vibali, kwa hiyo hawakuwa na hema wala basi. Walitembea mwendo mrefu juani bila pa kupumzikia.

Nataka niliseme hili wazi, kwa sababu nimesikia kaseti na klipu nyingi zinazozungumzia hija kana kwamba mwenye imani haoni kiu. Moyo haugeuzi jua kuwa kivuli. Wale waliofariki hawakupungukiwa na subira, walipungukiwa na maji na paa. Kumwambia mtu anayeishiwa maji mwilini kwamba atulize nafsi ni dhulma. Katika hema letu kuna dada mmoja muuguzi wa Dodoma, na leo yeye ndiye aliyekuwa imamu wetu wa mambo ya mwili: kila saa anapita na chupa na pakiti za chumvi na sukari, anauliza kila mtu mkojo wake una rangi gani, bila haya. Mungu amlipe.

Lakini humohumo kivulini nimeona hali ya ndani inavyofanya kazi. Binti yule wa foleni ya jana alikuwa analia. Alikuwa amejiwekea picha moja tangu utotoni: yeye amesimama juu ya Jabal Rahma, kile kilima cha picha zote za Arafa, amenyoosha mikono. Sasa anaambiwa abaki hemani. Kwake yeye siku ilikuwa inamponyoka huku yuko katikati yake. Sheikh akaitwa, akasimama nje ya pazia akamwambia kwa upole kwamba Mtume mwenyewe alisema, “Nimesimama hapa, na Arafa yote ni mahali pa kusimama.” Kupanda kilima si sharti wala si sunna. “Mwanangu, umeshafika. Hakuna mbele ya hapa.” Binti akajifuta uso, akachukua msahafu. Saa moja baadaye nilimwona amesujudu na hajainuka kwa muda mrefu. Hakuna kitu kilichobadilika hemani isipokuwa aliacha kuitafuta Arafa mahali pengine.

Alasiri baada ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri, kila mmoja akashika kona yake. Mama wa Kariakoo alitoka akakaa kwenye kivuli cha ukuta wa hema, ameelekea kibla, mikono mapajani, haombi kitu. Mama akanituma nimpelekee maji. Nikakaa naye. Akaanza kusema bila kuulizwa.

Hija hii walilipia wawili, yeye na mumewe. Mume alifariki mwanzoni mwa Rajab. Eda yake ya miezi minne na siku kumi imeisha Mfunguo Pili, siku chache kabla ya ndege. Watoto walitaka aahirishe, akakataa.

“Mimi nyumbani ndiye niliyekuwa kimya,” akaniambia. “Yeye ndiye msemaji. Tukisafiri, yeye ndiye wa kuulizia maji, wa kudai chumba, wa kumwambia mhudumu chai hii haifai. Mimi nasema, baba fulani, acha, yatosha. Sasa nimefika hapa, hakuna anayedai. Nikajikuta nadai mimi.”

Sikuwa na la kumjibu. Tangu jana nusu ya hema ilikuwa imeshamwekea alama ya mgomvi, aliyeshindwa ile aya. Na kumbe alikuwa anamlilia mtu kwa namna pekee iliyokuwa karibu. Tunasema nia na hali ya ndani kama vile ni nguo ambayo mtu anachagua asubuhi. Wengine huja na ndani iliyokwisha kujaa kabla hawajafika uwanja wa ndege.

Nilipomsimulia mama, hakusema kitu. Alimfuata, akamuuliza jina la marehemu, akaliandika daftarini pale penye nafasi, pembeni, kwa kalamu ya buluu. Kisha akaanza nalo. Mama wa Kariakoo akaweka kichwa begani mwake, na hapo ndipo alipolia, na sisi wengine tukaendelea na dua zetu mpaka jua likazama.

Usiku wa kuamkia 10. Muzdalifa

Watu wote hawa wanaondoka Arafa kwa wakati mmoja, jua likishazama, kuelekea sehemu moja. Basi letu lilisimama zaidi ya lilivyokwenda. Sheikh akatumia kipaza sauti kutukumbusha kwamba usiku kama huu Mtume aliivuta hatamu ya ngamia wake na akawa anawaashiria watu kwa mkono: enyi watu, utulivu, utulivu. Nilipenda sana kwamba neno hilo lilisemwa njiani, kwenye msongamano, si msikitini. Utulivu inaoutaka dini yetu umeagizwa palepale unapokuwa mgumu.

Tumesali Magharibi na Isha pamoja. Mikeka juu ya changarawe, taa za barabarani, vumbi, mikoromo ya mataifa yote. Tumeokota vijiwe, vidogo kiasi cha punje ya dengu. Mama wa Kariakoo amemwokotea mama vya kwake na kuvifunga kwenye leso. Baada ya nusu ya usiku wazee na wagonjwa wameruhusiwa kutangulia, na mimi nikiwa msindikizaji wao.

Tarehe 10, Idi. Mina na Makka

Daraja la jamarati ni la ghorofa kadhaa, njia ya kwenda na ya kurudi hazikutani, na nguzo za zamani zimekuwa kuta ndefu tangu 2004 ili watu wasibanane sehemu moja. Vifo vya miaka ya nyuma ndivyo vilivyoleta ujenzi huu, na nilipopita nilimshukuru kila fundi aliyeuchora.

Karibu yetu mwanamume mmoja alikuwa amepandwa na ghadhabu, anamtukana shetani kwa sauti na kuvurumisha kandambili yake. Masheikh wamekemea hili miaka yote: ni vijiwe saba vidogo, na kila kimoja kinatupwa kwa *Allahu Akbar*. Ni dhikri, kama tasbihi. Mama angeweza kutupiwa na mwakilishi kwa ajili ya goti lake, hakutaka. Akarusha mwenyewe, polepole, kila kijiwe na takbira yake, na cha tano kikamponyoka karibu, ikabidi atoe kingine cha akiba.

Kuchinja kulishalipiwa kwa kuponi. Tukapunguza nywele kiasi cha ncha ya kidole. Jioni tukaenda kutufu, yaani kuizunguka Kaaba, na kufanya sai, mwendo wa kati ya Safa na Marwa, mama kwenye kiti cha magurudumu, ghorofa ya juu.

Kwenye sai nilikaa na wazo moja mizunguko yote saba kati ya Safa na Marwa. Anayekumbukwa hapa ni mama, Bi Hajara, mke wa Nabii Ibrahimu, aliyeachwa bondeni na mtoto mchanga na maji yamekwisha. Alikuwa ameshasema kwamba Mungu hatawapoteza. Na bado alikimbia. Akapanda Safa akatazama, akashuka akakimbia, akapanda Marwa akatazama, mpaka mara saba. Imani yake haikumkalisha chini, na mbio zake hazikuhesabiwa kuwa upungufu wa imani. Zimefanywa nguzo ya hija ya watu wote mpaka Kiyama. Napenda wahubiri wetu waliseme hili zaidi. Moyo uliomwelekea Mungu unaweza kuwa na hofu, ukahema, ukahaha. Kinachoangaliwa ni unakimbilia wapi.

Tarehe 11. Mina

Kambi nzima inakohoa. Usingizi mdogo, kiyoyozi, vumbi la Muzdalifa. Kila hema ni kikohozi.

Na leo mama amekasirika. Goti limevimba. Amekataa chai, amekataa uji, amesema kelele za watu zimemchosha na anataka nyumbani. Nilipompa daftari akalisukuma. Nimeandika haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu msomaji asije akadhani namsimulia walii. Mwili ukiuma sana, ndani napo panafunga. Dada muuguzi alisema goti liwekewe barafu na liinuliwe, akampa dawa ya maumivu.

Barafu Mina unaitoa wapi? Mama wa Kariakoo akajifunga mtandio, akatoka. Tulimsikia sauti kutoka jikoni, kisha kwenye kibanda cha wahudumu, kisha mbali zaidi. Akarudi na mfuko wa barafu, mto wa ziada na chupa ya maji ya moto yenye tangawizi ndani, ambayo hakuna aliyejua ilikotoka. Tabia ileile iliyotuchosha juzi leo ndiyo imetuokoa, na yeye mwenyewe uso wake ulikuwa mwepesi, kama mtu aliyepata kazi anayoijua. Akamketisha mama, akamwekea barafu, akalichukua daftari akauliza, “Bi mkubwa, uliishia wapi?” Akaanza kumsomea. Mama akawa anaitikia amina, kwanza kwa kununa, kisha kwa sauti yake ya kawaida.

Baada ya Adhuhuri nimetupa vijiwe jamarati zote tatu, ishirini na kimoja vya kwangu, na kisha vya mama kwa idhini yake.

Tarehe 12. Mina

Leo ni siku ya uamuzi. Aya ya 203 ya sura ileile inasema anayefanya haraka kwa siku mbili hana dhambi, na anayekawia hana dhambi, kwa mwenye kumcha Mungu. Ukitaka kuondoka leo utoke Mina kabla ya jua kuzama. Likikukuta humu, unalala na kesho unatupa tena.

Wengi wamefungasha. Hakuna aliyemnyooshea mwenzake kidole, na hilo nimeliona ni tunda la siku hizi kuliko lolote. Binti wa Jabal Rahma ameondoka ili amwahi nyanya yake aliyelazwa Makka. Dada muuguzi amebaki kwa kuwa wagonjwa wake wawili wamebaki. Sisi tumebaki kwa sababu mama, goti likiwa limepungua, amesema ndani ya hema sasa kuna nafasi ya kunyoosha mguu.

Usiku Mina imepoa. Choo hakina foleni. Mama wa Kariakoo amesema kimya hiki kinamtisha, na tumekesha tukimsikiliza akisimulia jinsi mumewe alivyoanza na meza moja ya vitenge mtaa wa Kongo.

Tarehe 13. Mina hadi Makka

Tumemaliza vijiwe mchana. Basi limechelewa. Tawafu ya kuaga itakuwa siku ya kuondoka, kwa hiyo kwa sasa kilichobaki ni kupumzika.

Njiani mama wa Kariakoo alihama kiti akasogea mbele kwa sheikh. Mwaka huu alitaka amhijie mumewe, akaambiwa ni lazima kwanza atimize hija yake mwenyewe. Sasa ameitimiza. Akauliza kama mwakani anaweza kuja kwa niaba yake. Sheikh akasema ndiyo, hija ya badali inafaa kwa maiti, na wakati wa kuingia ihramu atalitaja jina lake kwenye nia. Akamwambia arudie maneno yale taratibu. Akarudia, akakosea katikati, akarudia tena mpaka yakakaa sawa. Kisha akauliza malipo ya awali yanaanza mwezi gani, kama hema la wanawake linaweza kupangwa karibu na jiko, na nani aliyewaambia wapishi kwamba watu wa pwani wanakunywa chai bila tangawizi.